Safisha jeti ndogo kabla ya kununua kabureta mpya

Leo naacha kidogo mbegu na mbolea, tuzungumze pikipiki. Wapo watakaouliza afisa ugani ameingiaje kwenye injini. Jibu ni jepesi: nanasi likishavunwa linakwenda sokoni kwa tairi mbili, na pikipiki ikizima njiani hasara inaandikwa kwenye daftari lile lile la shamba.

Msimu uliopita nilitoka Mkuranga alfajiri na pikipiki yangu ya cc 125, nyuma kuna magunia mawili ya mananasi. Barabara ya Kilwa ilikwenda vizuri kabisa: Kongowe, Mbagala, mpaka Mtoni. Nilipofika Gerezani na kuanza kujipenyeza kuingia Kariakoo, mambo yakabadilika. Kila nikiachia mafuta injini inatetemeka, inakohoa mara mbili, inazima. Pale Msimbazi, katikati ya mikokoteni, bajaji na watu wenye mizigo kichwani, nilipiga kiki mpaka goti likauma. Fundi niliyempata hakufungua kitu. Alisikiliza sekunde chache akasema, "Mzee, kabureta imekufa hiyo, weka mpya tu." Jua lilikuwa linapanda na mteja wangu ananipigia simu. Nikatoa shilingi 45,000.

Wiki tatu baadaye ugonjwa ule ule ukarudi, na kabureta ni mpya. Hapo ndipo nilipokaa chini na kuifungua ile ya zamani, ambayo kwa bahati sikuitupa. Ndani kulikuwa na maji na mchanga laini kama unga. Niliisafisha, nikaifunga, na ndiyo ninayotembelea mpaka leo. Zile 45,000 zilikwenda bure.

Msimamo wangu basi ni huu: pikipiki inayosumbua kwenye mwendo mdogo isafishwe kwanza, kununua kuwe hatua ya mwisho. Na kazi hiyo ifanyike nyumbani siku moja kabla ya safari, maana mwenye mzigo unaoharibika juani hana nguvu ya kubishana na fundi.

Kwa nini isumbue Kariakoo na isisumbue barabara kuu? Kabureta ina jeti mbili. Jeti kubwa inalisha injini ukivuta mafuta mengi. Ukiachia, injini ikabaki kwenye sailensa, inaishi kwa jeti ndogo. Tundu la jeti hiyo, kwa pikipiki zetu nyingi, halifiki nusu milimita. Chembe moja ya mchanga inatosha kuliziba. Ukiwa mwendo wa 60 hujui kitu, kwa sababu jeti kubwa inafanya kazi. Ukifika penye foleni, unakwenda mwendo wa miguu, jeti ndogo inatakiwa ifanye kazi yake na haiwezi. Uchafu uliutoa kijijini, Kariakoo ndiko ulikojitokeza.

Mkulima hapaswi kushangaa jambo hili. Bomba la kupulizia dawa likianza kutoa matone badala ya ukungu, nani anakwenda kununua bomba jipya? Unafungua pua yake, unaisafisha kwa maji, unaendelea. Kabureta ni ndugu yake bomba.

Uchafu wenyewe tunauingiza sisi. Tunanunua petroli ya chupa au ya dumu lililowahi kubeba kitu kingine, na tunamimina bila kuchuja. EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kupambana na uchakachuaji, lakini vinasaba havizuii maji ya mvua na vumbi kuingia kwenye dumu lililo wazi. Pia pikipiki ikikaa wiki nyingi bila kuwashwa, petroli iliyobaki ndani ya kabureta inakauka na kuacha gundi.

Fuata mpangilio huu. Fanyia kazi nje, injini ikiwa imepoa, mbali na jiko na sigara.

Kwanza, funga koki ya mafuta, fungua skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta, kinga kwa chupa nyeupe. Iache itulie dakika chache. Maji yatakaa chini, petroli juu. Ukiona maji au mchanga, umeshapata mwanzo wa jibu, na tangi nalo linahitaji kusafishwa.

Pili, angalia chujio la hewa na plagi. Plagi nyeusi yenye masizi makavu inaonyesha mafuta yanazidi hewa: huenda chujio limejaa vumbi au choki haifunguki mpaka mwisho. Lakini kama injini inakaa vizuri ukivuta choki na inazima ukiirudisha, mafuta hayatoshi au kuna hewa inaingia pasipostahili. Hapo shuku jeti ndogo.

Tatu, kagua mpira unaounganisha kabureta na injini. Ukipasuka, hewa inapita pembeni na hakuna usafi utakaosaidia. Washa injini, nyunyizia maji kidogo kwenye maungio. Mlio ukibadilika, hewa inaingia hapo.

Nne, fungua bakuli na utoe jeti ndogo kwa bisibisi inayoienea sawasawa. Iloweke kwenye petroli safi, kisha ipeleke kwa fundi pancha aipulize kwa upepo. Elekeza juani: lazima uone mwanga kupitia tundu. Usichokonoe kwa waya. Jeti ni ya shaba laini, waya unapanua tundu, na kuanzia siku hiyo pikipiki inakunywa mafuta. Puliza pia vijia vyote vya ndani ya kabureta.

Tano, marekebisho. Kuna skrubu ya kupandisha na kushusha sailensa, na ile ndogo ya mchanganyiko wa hewa na mafuta. Ile ndogo ifunge polepole mpaka igote, ukihesabu mizunguko, uandike, kisha irudishe pale pale ilipokuwa. Pasha injini moto dakika kumi. Izungushe kidogo kidogo mpaka usikie mlio ulio juu na uliotulia, halafu shusha sailensa iwe ya kawaida. Ikiwa bado inatetemeka, mwambie fundi apime tapeti injini ikiwa baridi, kwa vipimo vya kitabu cha pikipiki yako.

Jihadhari na dawa ya njia ya mkato: fundi anakaza skrubu ya sailensa, injini inanguruma juu, haizimi tena, unalipa na kuondoka. Ugonjwa uko pale pale, umefunikwa tu, nawe unachoma petroli zaidi kwenye kila foleni.

Najua mafundi watanijibu. Watasema mteja wa Kariakoo ana haraka, kusafisha kunachukua saa nzima, kubadilisha ni dakika ishirini, na mteja mwenyewe ndiye anayetaka ya dakika ishirini. Ni kweli, na mimi nilikuwa mteja wa namna hiyo. Ni kweli pia kwamba kuna kabureta iliyokwisha: mwili umepasuka, nyuzi za skrubu zimeliwa, au pistoni ya ndani imelika na inacheza. Hiyo badilisha bila kusita.

Lakini ukifika Gerezani au Shaurimoyo kununua, nenda na kifaa cha zamani mkononi. Kama kilichoharibika ni jeti, nunua jeti peke yake, yenye namba ile ile iliyochongwa juu yake. Ukinunua kabureta, linganisha upana wa mdomo na namba za jeti. Boksi zuri lisikudanganye. Tume ya Ushindani imekuwa ikikamata bidhaa bandia nchini, na spea za magari zimo. Dai risiti ya mashine, na kubalianeni mapema kama unaweza kurudisha. Muuzaji anayekataa kutoa risiti amekwisha kukuambia jinsi anavyoiamini bidhaa yake.

Ukirudi kijijini, weka kitambaa safi au chujio kwenye funeli yako kila unapomimina mafuta. Mwaga bakuli la kabureta kila mwezi, na kila unapojua pikipiki itakaa muda mrefu. Ni kazi ya dakika tano kwa bisibisi moja. Nani kati yenu ana safari ya sokoni wiki hii? Aanze leo jioni, kabla hajafunga magunia.