Vipaji vya Vijana Vipimwe kwa Haki

Nilikwenda Nairobi kuhudhuria harusi ya binti wa ndugu yangu anayekaa Makina, Kibera. Harusi ikaisha salama, nami nikabakia siku chache kwa mazungumzo. Jumamosi moja, baada ya sala ya alasiri, mpwa wangu akanijia barazani akasema, "Mjomba, twende uwanjani ukaone vijana wakipimwa."

Neno lile likanishitua kidogo. Sisi wa pwani tumezoea kusikia mchele ukipimwa na kitambaa kikipimwa. Kijana apimwe kwa kitu gani? Nikavaa kofia yangu nikamfuata.

Tulikuta vijana kama sitini, wote chini ya miaka 17. Wengine walivaa viatu vya mpira, wengine walikuwa na viatu vya kuazima vilivyowazidi miguu, na wawili watatu walikuwa pekupeku. Kila mmoja alibandikwa karatasi yenye namba mgongoni. Watu watatu wenye saa na filimbi, wasiojulikana mtaani, walikuwa wamekuja kutafuta vipaji vya kupeleka nje. Kila kijana alitozwa shilingi 200 za kujiandikisha. Wakakimbizwa kutoka mlingoti hadi mlingoti, sekunde zikahesabiwa. Kisha wakagawanywa, wakacheza dakika 15 kila kundi. Kabla ya adhana ya magharibi namba saba zikaitwa. Waliobaki wakaambiwa asante.

Jicho langu lilimfuata kijana mwembamba mwenye namba 41. Hakuwa na mbio nyingi wala hakupiga chenga za kushangiliwa. Lakini kila alipopata mpira, ulitoka mguuni mwake ukaenda kwa mwenzake aliye peke yake. Hata mimi nisiye mjuzi nililiona jambo hilo. Namba yake haikuitwa. Alikaa kwenye mawe kando ya uwanja, akavua viatu, akampa mdogo wake ambaye kundi lake lilikuwa bado halijaingia. Viatu vilikuwa vya watu wawili.

Nikamuuliza kocha wa mtaa, kijana wa Kinubi auzaye viatu vya mtumba katika soko la Toi, "Yule 41 ana kasoro gani?"

Akanijibu, "Ustadh, hana kasoro. Leo asubuhi amebeba maji mitungi minane, miguu imechoka. Njoo umwone Jumatano." Akatoa daftari la shule lililochakaa. Ndani mlikuwa na majina, tarehe na mechi za miaka minne: nani alikuja mazoezini, nani alikosa na kwa sababu gani, nani alifiwa, nani alirudi shule. Jina la 41 lilikuwa katika kila ukurasa nilioufungua. Wale watu watatu hawakuuliza habari za daftari lile. Walipanda gari wakaenda zao.

Ndugu msomaji, hoja yangu leo ni hiyo. Mtu aliyekuja kwa saa moja hawezi kumpima kijana, na aliyekaa naye miaka minne haulizwi. Huko ni kupunja mizani. Sisi Waislamu tunajua uzito wa jambo hilo, kwani katika Kurani imo sura nzima, Mutaffifin, inayoanza kwa kuwaonya wapunjao vipimo. Huenda msomaji akadhani onyo hilo linamhusu muuza sukari peke yake. Mimi nasema anayepima watoto wa watu linamhusu zaidi.

Pengine mtu atasema kwamba wenzetu walioendelea wana vyombo vya kupimia, na kwamba tatizo letu ni uhaba wa vyombo. Tutazame Marekani. Wao wana kandanda yao, inayochezwa zaidi kwa mikono, na kila mwaka timu za kulipwa hukaa na kuchagua kwa zamu vijana waliotoka vyuo vikuu. Kabla ya uchaguzi huo, vijana hukusanywa katika mji wa Indianapolis. Hupimwa urefu, uzito, mbio na kuruka, wakahojiwa na wakachunguzwa na madaktari. Anayepimwa kwa uangalifu kuliko wote ni kotabeki, yaani yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, kwa kuwa timu nzima humtegemea yeye.

Matokeo yake ni nini? Mwaka 2000 kijana aitwaye Tom Brady alichaguliwa akiwa wa 199. Makotabeki sita walikuwa wamekwisha kuchukuliwa mbele yake. Brady huyo akatwaa ubingwa mara saba, idadi ambayo hakuna mchezaji mwingine aliyeifikia. Mwaka 2007 kotabeki JaMarcus Russell, mwenye umbo na mkono wa ajabu, alichaguliwa wa kwanza kabisa. Baada ya misimu mitatu timu yake ilimwacha. Saa, mizani na madaktari vyote vilikuwapo. Kilichokuwa kigumu kuonekana ni moyo wa mtu na namna anavyofanya kazi pasipo kutazamwa.

Hata Kenya tumo katika habari hiyo. Mwaka 2013 timu ya Indianapolis ilimsajili Daniel Adongo, mzaliwa wa Nairobi, mchezaji wa raga ambaye alikuwa hajapata kuucheza mchezo huo wa Kimarekani. Akawa Mkenya wa kwanza kucheza katika ligi yao kuu. Basi hata wapimaji wakubwa hubahatisha. Tofauti ni kwamba kijana wao akiachwa huwa amekwisha kusoma chuo kikuu, au angalau amekiingia. Wa kwetu akiachwa hurudi kubeba mitungi.

Jaribio kubwa la kupima vijana lililopata kufika kwetu lilitoka Ghuba, upande ambao wasomaji wengi wa pwani wana jamaa na maingiliano nao. Mwaka 2007 chuo cha michezo cha Aspire cha Doha, nchini Qatar, kilianza kuwatafuta vijana wa miaka 13 katika nchi saba za Afrika, Kenya ikiwamo. Aliyeongoza kazi hiyo alikuwa Josep Colomer, Mhispania aliyewahi kusimamia vijana wa Barcelona. Katika mwaka huo wa kwanza walipimwa vijana zaidi ya 400,000. Waliopewa nafasi hawakufika 30. Maana yake ni kijana mmoja katika kila 13,000 na zaidi.

Siwalaumu kwa nia yao. Waliowachukua waliwasomesha na kuwatunza, na wako waliofika Ulaya. Lakini umri wa miaka 13 ni umri wa hila. Vijana wawili waliozaliwa mwaka mmoja, huyu Januari na yule Disemba, hawana kifua kimoja. Mmoja amekwisha kubaleghe, mwenzake bado mtoto. Mpimaji mwenye haraka humchukua aliyetangulia kukua, akidhani amepata kipaji, kumbe amepata miezi kumi na moja. Na panapohitajika ujana, wako watakaopunguza umri. FIFA yenyewe, katika Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17 lililofanyika Nigeria mwaka 2009, ililazimika kupiga picha mifupa ya kifundo cha mkono ili kuwajua waliodanganya.

Nikumbuke chuo nilichosomea Kurani. Maalim wetu hakumpima mtoto kwa asubuhi moja. Alitusikiliza kila siku, mmoja baada ya mmoja, ubao mkononi. Mimi nilikuwa mzito wa herufi, na mwenzangu tuliyeanza pamoja alikuwa mwepesi kama kishada. Mgeni angalitutembelea mwezi ule angalisema yule atahitimu na huyu apelekwe kuvua samaki. Maalim hakusema neno. Mwaka wa tatu mwenzangu aliacha chuo, nami nikahitimu. Sijisifu, kwani sifa ni ya maalim aliyekubali kungoja. Hata katika ushairi, beti moja nzuri haijamfanya mtu kuwa malenga. Huenda imemponyoka tu.

Kesho yake mpwa wangu alinipeleka Kawangware. Tuliteremka katika kituo kiitwacho 46, kwa nambari ya matatu ziendazo huko. Vumbi, mahindi ya kuchoma, watoto wengi, na kando yake, mwendo mfupi, majumba ya Lavington yenye miti na walinzi. Huku nako mpira ni dini ya pili ya vijana. Si mbali ndiko iliko shule ya upili ya Dagoretti, aliyosoma Dennis Oliech kabla hajachezea Al-Arabi ya Doha, kisha Nantes na Auxerre za Ufaransa. Ni Oliech huyo aliyekuwa mmoja wa wafungaji mwaka 2004 huko Tunisia, Kenya ilipoifunga Burkina Faso mabao 3 kwa 0 na kupata ushindi wake wa kwanza katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Kila kijana wa Kawangware analijua jina hilo, na kila wakala mwongo analijua pia.

Mama mmoja auzaye mboga alinisimulia yaliyomkuta. Mtu alikuja baada ya mechi moja tu, akamsifu mwanawe, akasema timu ya Ghuba inamngoja. Akataka shilingi 60,000 za pasi na tikiti. Mama akatoa akiba ya chama, akauza ng'ombe wa mamake huko Magharibi. Mwana akaacha shule ili asafiri. Huu ni mwaka wa pili, simu ya yule mtu haishiki. "Baba," akaniambia, "pesa nitazilipa. Lakini mtoto hataki tena shule wala mpira. Hulala tu." Sikuwa na jibu. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao, lakini nani angemwambia mama yule maneno hayo wakati ule bila ya kumuumiza mara ya pili?

Lipo hata hivyo jambo ambalo angaliambiwa mapema. Tangu mwaka 2001 kanuni za FIFA zinakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, ila kwa sababu chache zilizotajwa. Kwa hiyo mtu akija kwa kijana wa miaka 15 na habari ya kumsajili ng'ambo, neno la kwanza la mzazi liwe, "Nionyeshe sababu inayokuruhusu." Neno la pili, "Nani atamsomesha?" Na la tatu, "Kwa nini nilipe mimi, ikiwa kijana ndiye mwenye mali?"

Nalirudia daftari la yule muuza viatu, maana daftari lile lina thamani kuliko anavyodhani mwenyewe. Kwa kanuni hizo hizo, mchezaji anaponunuliwa na klabu ya nchi nyingine kabla ya mkataba wake kwisha, asilimia 5 ya bei hukatwa na kugawiwa klabu zilizomlea kuanzia msimu aliotimiza miaka 12 hadi wa miaka 23. Msimu mmoja wa miaka 12 hadi 15 hupata robo ya asilimia moja ya bei yote, na msimu mmoja wa miaka 16 na kuendelea hupata nusu ya asilimia. Tupige hesabu. Mwaka 2013 Victor Wanyama, kijana wa Nairobi, alitoka Celtic ya Scotland akaenda Southampton ya Uingereza kwa bei iliyotangazwa kuwa pauni milioni 12.5. Kwa bei kama hiyo, msimu mmoja wa malezi ya kijana wa miaka 14 ni pauni 31,250. Uwanja mmoja wa Kibera ungesawazishwa, vyoo vikajengwa, na viatu visiwe vya watu wawili.

Lakini sharti klabu iwe imesajiliwa na chama cha mpira, na kijana awe ameandikishwa kwa jina na tarehe. Daftari la mfukoni halitoshi. Hapo ndipo ninapowalaumu viongozi wetu wa mpira. Kazi ya kumwendea kocha wa mtaa na kumwandikia klabu yake si ghali. Ni kazi ya karani, kalamu na nia. Isipofanywa, anayelea hapati kitu, na apitaye kwa gari ndiye avunaye.

Wala tusidhani haya ni ya Nairobi tu. Nasi pwani tulimtoa Mahmoud Abbas, mlinda lango wa enzi ile Kenya ilipotwaa Kombe la Chalenji mwaka 1981, 1982 na 1983. Vijana wa Majengo, Kisauni na Likoni wanapimwa leo kwa saa na filimbi zile zile, na habari za Ghuba kwao zina utamu zaidi kwa kuwa kila nyumba ina mtu aliyekwenda huko. Wazee wa mitaa, maimamu na walimu wa vyuo, tusiwaachie wapita njia kazi ya kutuambia mtoto wetu ni nani. Tunamjua tangu alipokuwa akisoma alifu.

Jumatano nilirudi uwanjani kabla ya kuondoka. Kijana wa 41 alikuwa amepumzika, naye alicheza kama alivyosema kocha. Hapakuwa na mgeni wa kumtazama ila mimi na mpwa wangu. Kocha aliandika jina lake katika daftari, na tarehe.

Wapimao kwa mizani, waogope kuipunja,
Wakifika uwanjani, moyo wa mwana huvunja,
Wamuulize jirani, si mgeni wa kuonja,
Kipaji cha masikini, si nguo ya kuikunja.