Kabla Hujanunua Raba za Krismasi

Bumu likiingia karibu na Krismasi, hosteli zetu zinageuka soko. Mmoja anatafuta raba, mwingine anabadilisha simu, wa tatu anakopa mtandaoni ili naye asionekane amebaki nyuma. Simlaumu mtu. Mwaka jana huyo wa tatu nilikuwa mimi.

Nilipanda basi la Sumbawanga nikiwa na raba nyeupe miguuni na deni kwenye simu. Nilitaka nikishuka stendi watu wajue kabisa huyu anasoma chuo kikuu. Sasa, Desemba kule Ufipa ni mvua na baridi, na njia ya kwetu ni udongo mtupu. Hadi usiku wa mkesha raba zilikuwa na rangi ya matofali. Hayo tulicheka yakaisha. Kilichoniuma nilikikuta shambani: mahindi ya baba yamefika magotini, ya njano, yanasubiri mbolea ya kukuzia. Akiba ya ndani ilishauzwa kwa bei ya kutupa, ikanunuliwa mbolea ya kupandia tu. Nikapiga hesabu kimyakimya. Zile raba zilikuwa mfuko wa urea, na chenji inarudi. Baba hakusema neno. Alizisifia.

Sisemi tusinunue. Mtoto kuvaa nguo mpya sikukuu ni furaha halali, na pilau la Krismasi kwetu sisi watu wa ugali lina heshima yake. Anayetaka tufunge siku hiyo asinihesabu. Tunapokosea ni pale tunaporuka Majilio. Kanisa limetupa wiki nne za kungoja: zambarau altareni, mshumaa mmoja kila Jumapili, foleni ya kitubio. Sisi tunaanza sherehe tarehe 1, ikifika 25 tumechoka na tumefilisika. Sulemani alipoambiwa aombe anachotaka, aliomba hekima ya kuwaamua watu, mali akaiacha. Nimejiuliza, ningekuwa mimi, na bumu limechelewa, ningeomba nini? Jibu halipendezi.

Wazee wa Ufipa kungoja wanakujua. Wanafukia nyasi kwenye matuta ya duara, wanaziacha zioze, ulezi unakuja kupandwa msimu unaofuata. Na jina lenyewe Sumbawanga, kwa Kifipa, ni tupa uchawi. Huwa nawatania wenzangu wa pwani kwamba uchawi wa siku hizi unakaa mfukoni na una chaja. Ni utani, ila kila nikitazama picha za watu kabla ya kulala, naamka maskini kuliko nilivyolala.

Mtu ataniambia hekima haishibishi. Ni kweli, na mwanafunzi anayepiga pasi ndefu hahitaji mahubiri yangu. Lakini hekima ninayoisema ni ndogo mno: kuuliza nyumbani kabla ya kununua.

Mwaka huu nimejaribu. Wiki iliyopita, kabla sijagusa hela, nilimpigia mama. Baada ya shikamoo nikamuuliza Krismasi nije na nini. Akanyamaza kidogo. Nilikuwa nasubiri aseme mbolea, na hela yake nilishaitenga.

“Njoo kabla ya Jumapili ya nne,” akasema. “Jumuiya inasali kwetu, na wa kusoma somo bila kutafuta miwani ni wewe tu.”