"Hatuna Mashine" Ni Uongo Tumeambiwa Sana

Wasee, leo hakuna drama za mastaa. Leo tunaongea kuhusu utando wa kauri mwembamba kuliko unywele wako. Kuna watu nitawakwaza na ni sawa tu.

Nikiwa mwaka wa tatu, kabla niachane na chuo, nilipelekea mhadhiri wangu wazo la mradi. Nilitaka kutengeneza seli ya fueli ya kauri, hata ikiwa saizi ya sarafu ya shilingi 20. Aliangalia karatasi yangu sekunde kumi hivi, akasema: "Kijana, hiyo inataka mashine ya vakyumu ya mamilioni. Chagua kitu cha kawaida." Nikachagua cha kawaida. Baadaye karo ikanishinda nikatoka. Simlaumu kwa karo. Namlaumu kwa hiyo sentensi, juu haikuwa kweli.

Hebu tuanze na jinsi hii kitu inafanya kazi. Seli iko na pande mbili: huku hewa, kule fueli kama haidrojeni. Katikati kuna kauri inaitwa elektroliti. Oksijeni ya hewa inachukua elektroni, inageuka ioni, inapenya kauri, inakutana na haidrojeni na kutengeneza maji. Elektroni zenyewe haziwezi kupita kwenye kauri, kwa hivyo zinazunguka kwa waya. Hiyo safari ya waya ndiyo stima.

Kauri inayotumika sana ni zirkonia iliyotiwa itria, mara nyingi asilimia 8 ya moli. Itria inaacha nafasi tupu ndani ya fuwele, na ioni zinaruka kutoka nafasi moja hadi nyingine kama abiria wanaowahi siti kwenye matatu. Na si teknolojia ya juzi. Baur na Preis waliendesha seli ya kauri huko Uswisi mwaka wa 1937.

Sasa shida iko wapi? Unene. Ukitengeneza kauri nene ya kujibeba yenyewe, tuseme mikromita 150, ioni zinachoka njiani na inabidi uipashe moto hadi karibu nyuzi 900 au 1000. Ukiiweka nyembamba, mikromita 10 hivi, juu ya anodi ya nikeli yenye vitundu inayobeba uzito, unaweza kushuka hadi nyuzi 700 au 800. Joto likishuka, unaweza kutumia chuma cha bei nafuu kuunganisha seli. Lakini utando lazima uwe mzito bila tundu. Tundu moja tu, gesi inavuja, na seli yako inakufa.

Hapo ndipo watu wa "hatuna mashine" wanaruka juu. Wanakuonyesha Westinghouse ya Marekani, waliopaka mirija kwa mvuke wa kloraidi za zirkoni na itri kwenye joto la zaidi ya nyuzi 1000. Ni kweli, utando ulitoka safi. Wanachosahau kukuambia ni kwamba njia hiyo ilikuwa ghali hadi wenyewe wakatafuta njia nyingine.

Na njia za bei nafuu zipo. Ya kwanza: unasaga unga wa kauri, unauchanganya na kiyeyusho na gundi hadi uwe kama uji, halafu unautandaza kwa kisu kilichopimwa urefu kutoka chini. Viwanda vya kapasita vimetumia mbinu hii tangu miaka ya 1940. Ya pili: unasukuma wino wa kauri kupitia skrini kwa kibao cha mpira. Umeshaona wapi hiyo? Kwa msee anayeprinti tisheti pale River Road! Kituo cha utafiti cha Jülich, Ujerumani, kimeprinti elektroliti kwa skrini. Hawakuona aibu.

Najua mtaniambia kuchoma ndiyo kazi. Kweli kabisa. Utando na anodi visiponywea kwa kiasi kinacholingana, kitu inajikunja au inapasuka, na unahitaji tanuru la nyuzi 1400 hivi. Jiko la mfinyanzi halifiki huko. Lakini maabara zinazotengeneza meno ya bandia ya zirkonia huyachoma kwa karibu nyuzi 1500, na hiyo zirkonia ya meno pia imetiwa itria. Kwa hivyo tanuru la joto hilo si chombo cha wanaanga. Linatosha kwa jino la tajiri, litatosha kwa mradi wa mwanafunzi.

Na hii ndiyo inaniuma zaidi. Zirkonia inatoka kwa mchanga wa zirkoni. Kuanzia 2014 hadi mgodi ulipofungwa mwisho wa 2024, Kwale ilikuwa inapakia huo mchanga melini pamoja na ilmenaiti na rutile. Miaka kumi hivi. Sisemi kuusafisha ni rahisi, ni kemia ngumu. Nauliza tu: ni makomredi wangapi walishika hata kijiko kimoja cha huo mchanga darasani?

Tatizo letu si mashine. Tatizo ni kwamba mwanafunzi akija na wazo, swali la kwanza ni "una vifaa gani?" badala ya "ni hatua gani unaweza kuanza nayo Jumatatu?" Hatua ya Jumatatu ilikuwa ipo: unga, gundi, kisu na kipande cha kioo. Ningepasua vipande ishirini na ningejua kwa nini vyote vimepasuka. Hiyo ndiyo elimu nililipia na sikupata.

Kwa hivyo wewe uko chuo bado, ukiambiwa hakuna mashine, uliza swali moja tu: mashine ya njia gani? Akishindwa kujibu, basi si mashine imekosekana hapo.

Mhadhiri wangu akisoma hii, sina beef. Bado nataka kutengeneza hiyo sarafu.