Saa tatu ya nani?



Katika kurasa hizi tumesoma mengi juu ya usafi, juu ya sahani zinazopotea, na juu ya wale wanaosinzia wakati wa maombi. Leo ninataka tuongee juu ya saa. Ndugu zetu wa 6 watatuacha kisha Examen d'Etat, na wengi wao hawataenda chuo kikuu, juu pesa haiko. Watatafuta kazi. Mimi ninaona ya kwamba wengi wetu tunaikosa kazi mbele mtu yeyote hajasoma jina letu, kwa sababu ya saa na kwa sababu ya karatasi. Hilo ndilo wazo langu. Anayelikataa aandike jibu.

Tuanze na saa yenyewe. Sisi tunatembea na saa mbili kichwani. Ya kiswahili inaanza kuhesabu jua likitoka. Ya kifaransa inaanza katikati ya usiku. Kati yao kuna 6. Kila mtoto wa shule ya msingi anaijua hesabu hiyo, lakini siku ya woga inapotea. Mtu wa biro anakuambia kwa simu: "neuf heures". Wewe unashika tisa, unalala na tisa, unafika saa tisa. Kumbe neuf heures ilikuwa saa tatu. Umechelewa saa sita nzima; wenzako wamekwisha kuandika mtihani, wamekula na wamerudi kwao. Kinyume chake kipo pia. Direkta anakuambia kwa kiswahili "uje saa mbili", unaandika 2 kwenye kikaratasi, na kesho yake unaisoma kama deux heures ya mchana. Wote wawili walisema kweli. Aliyekosa kuuliza "saa tatu ya nani?" ndiye aliyebaki bila kazi.

Tena kuna saa ya tatu ambayo wengi hawaifikiri. Inchi yetu ni kubwa hata ina saa mbili za serikali. Goma, Kisangani, Lubumbashi na Mbuji-Mayi wanatumia moja. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Basi tangazo likiandika kwamba dosie zitapokelewa mpaka 16 h 00 ya Kinshasa, kwetu ni 17 h 00, ndiyo saa kumi na moja ya jioni. Hapo umepata zawadi ya saa moja. Lakini shirika lingine lina biro kubwa Nairobi, na Nairobi iko mbele yetu kwa saa moja, sawa na Kampala na Dar es Salaam. Wakifunga 17 h 00 ya Nairobi, kwetu mlango umefungwa saa kumi. Anayetuma email saa kumi na nusu anaona simu yake imeandika "imetumwa", anamshukuru Mungu, anangoja miezi miwili. Hakuna atakayemjibu.

Wengine watanijibu na Biblia. Watasema: katika Matayo 20, wale walioingia shambani mwisho walilipwa sawa na wale wa asubuhi, kwa hiyo Mungu hahesabu masaa. Ninaomba wasome vizuri. Kwanza, saa za mfano ule ni sawa na zetu za kiswahili: saa tatu, saa sita, saa tisa, saa kumi na moja. Anayesoma "onzième heure" katika Biblia ya kifaransa na kufikiri ni mbele ya midi, ameukosa mfano wote, maana ile ilikuwa karibu na giza. Pili, watu wale hawakuchelewa mahali walipoitwa. Walikuwa sokoni, wamesimama, na hakuna mtu aliyekuwa amewaita. Huwezi kumtia mtu aliyelala nyumbani katika mfano wa mtu aliyesimama sokoni tangu asubuhi.

Sasa nisikilizeni, sitaki kuwalaumu watu bure. Si kila mwenye kuchelewa ni mvivu. Kutoka hapa Bihambwe mpaka Sake, na kutoka Sake mpaka Goma, mvua ikinyesha pikipiki inasukumwa kuliko inavyopanda mtu. Kuna vizuizi njiani, kuna siku njia inafungwa kabisa. Dada zetu wanachota maji na kupika mbele hawajashika kalamu. Mtu wa biro haoni hayo; anaona saa tu. Ndiyo maana ninasema ya kwamba, kwa sisi wa Masisi, tangazo linalofunga Ijumaa linafunga Jumatano. Dosie ya karatasi itoke hapa siku mbili mbele, imefungwa ndani ya plastiki, si chini ya koti. Karatasi iliyolowa na wino uliotembea vinasema mambo mabaya juu yako, hata kama diploma yako ina 70 kwa 100. Na anayeitwa kwa mtihani alale kwa ndugu, Sake ama Goma, usiku wa mbele.

Juu ya karatasi, kuna jambo moja ambalo wa 5 na wa 6 wanapaswa kulishika leo, si kisha diploma. Ni jina. Mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya kikristo, na postnom zikaingia. Baadaye prénom zilirudi, na sasa mtu mmoja ana majina matatu, na kila karatasi inayapanga namna yake. Karte ya kuchagua, ambayo tunaitumia kama kitambulisho, inaandika R mahali bulletin iliandika L. Cheti cha ubatizo kina jina ambalo diploma haina. Kwetu nyumbani ni mtu mmoja, kila mama anajua. Kwa anayepokea dosie ni watu wawili, na mmoja wao anaweza kuwa mwizi wa diploma. Siku ya kujiandikisha kwa Examen d'Etat, soma jina lako herufi kwa herufi mbele ya kutia sinyatire. Kusahihisha siku ile ni kazi ya dakika moja. Diploma ikishatoka, ni kazi ya miezi, safari, na pesa ambayo huna.

Kosa lingine ni barua ya kuazima. Kule mjini kuna sekretaria za barabarani ambako wanakupigia barua na kuhesabu pesa kwa ukurasa. Mwenye mashine ana barua moja, anabadilisha jina tu. Basi unaomba kazi ya hospitali na barua inasema umependa sana kufundisha watoto. Ama juu umeandika shirika hili, na chini unashukuru shirika lingine. Msomaji anacheka, anaiweka upande. Kwa email ni vilevile: wanaomba karatasi zote katika PDF moja na jina la kazi kwenye "objet", naye mtu anatuma picha 11 za simu, nyingine zimelala ubavu, na objet haina neno. Barua fupi ya mkono wako mwenyewe, inayosema kazi gani unaomba, ulijifunza nini na unapatikana wapi, inapita hiyo ya kuazima. Na kama tangazo linaomba utume pesa kwa simu "ya kufungulia dosie", ujue ni mwizi. Mashirika ya kweli yanaandika yenyewe kwamba hayaombi pesa.

Tena, vita ilipofika Rubaya mwaka 2024 na Goma mwezi wa kwanza 2025, watu walikimbia na watoto na sufuria. Karatasi zilibaki ndani ya nyumba. Piga picha ya diploma na ya kitambulisho, uzitume kwa ndugu anayeishi mahali pengine. Haigharimu kitu.

Ninajua jibu linalopenda kusikika kwenye internat: "Kazi iko ya wenye wako na mutu ndani." Sitasema ni uongo. Tunaona mwana wa fulani akiingia bila mtihani, na hata katika mambo ya kanisa udugu unaongea. Lakini tazameni vizuri jibu hilo linafanya nini. Mwenye mtu ndani anaweza kuchelewa, mtu wake atamngojea. Wewe usiye na mtu una dosie tu, na ukiipeleka imechelewa na jina limekosewa, umewapa sababu safi ya kukuacha bila aibu yoyote. Hapo hawasemi tena "tulimchukua ndugu yetu". Wanasema "wewe ulichelewa", na wamesema kweli. Mimi ninaona afadhali tuwalazimishe kutafuta sababu nyingine.

Na kazi ikipatikana, saa inaendelea kukufuata. Sheria ya kazi ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 2002 inaweka masaa 45 kwa juma, na 9 kwa siku, kuwa mpaka. Wengi wanaisoma kama haki yao ya kwenda nyumbani, na ni haki yao kweli. Tajiri asiibe saa ya 10. Lakini ndani ya zile 9 wewe pia usiibe. Sheria hiyohiyo inaruhusu wakati wa kujaribiwa mpaka miezi 6 kwa mwenye ufundi ama diploma, na katika miezi ile wanakutazama mlangoni asubuhi kuliko wanavyotazama diploma yako.

Chukua kazi ambayo wengi wetu tutaifanya, ya ualimu. Somo moja la secondaire ni dakika 50, na masomo ni 6 kwa siku. Mwalimu anayepoteza dakika 10 kwa kila somo, akitafuta chaki, akisalimia, akifungua simu, anapoteza dakika 60 kwa siku. Kwa siku 6 ni dakika 360. Siku nzima ya shule ina dakika 300. Kwa maneno mengine, wanafunzi wake wanapoteza kila juma zaidi ya siku moja ya masomo, na hakuna mtu aliyefunga mlango wa shule. Waalimu wetu wanisamehe, sisi pia tunaokokota miguu kisha récréation tumo katika hesabu hiyo. Dawa ninayoijua ni ndogo: daftari ya mfukoni, na jioni kuandika mambo matatu ya kesho, la kwanza likiwa lile unaloliogopa. Anayeandika mambo kumi atayafanya yale rahisi.

Ninaleta ombi kwa Bwana Prefe na kwa mkutano wa waalimu. Kwanza, matangazo yote ya valve yaandike saa mara mbili, ya kiswahili na ya kifaransa: saa nane, 14 h 00. Pili, katika trimestre ya pili wa 6 wote wapewe tangazo la kazi la kubuni, walete dosie kamili kwa sekretere: barua, sivi, kopi za karatasi, jina moja kwenye karatasi zote. Mwisho uwe Ijumaa, saa tisa, 15 h 00. Zitakazofika saa tisa na dakika tano zirudishwe bila kufunguliwa, hata ya kapita wa shule, na points zihesabiwe katika kifaransa. Kama walimu wanakubali, sisi wa darasa letu tuko tayari kuandika tangazo lenyewe juma hili.