Mastaa, Acheni Kututisha na Kufunga Kwenu!

Jamani, leo lazima niseme. Kuna staa mmoja wa kike hapa mjini (jina kapuni, mnamjua) kila siku anaposti eti kakaa siku tatu kwa maji tu. Chini yake watoto wa watu wanauliza, "Dada, sitazimia?" Hajibu. Anachojibu ni bei ya chai yake ya kukata tumbo.

Hiyo hofu mmeileta nyie! Mimi mwenyewe niliahirisha miezi, nikijiona nimezimia ndani ya mwendokasi. Kumbe nani kasema uanze na siku tatu? Nilianza na masaa 12: nakula mwisho saa 2 usiku, nafungua saa 2 asubuhi. Muda mwingi hapo nimelala fofofo. Wiki mbili baadaye nikasogeza hadi saa 6 mchana, masaa 16, na maji na chai ya rangi bila sukari nakunywa. Njaa ya saa 4 inakuja, inauma, inapita. Mtihani ni vitumbua vya ofisini!

Na si uchawi. Utafiti mmoja wa China uliotoka 2022, watu 139, mwaka mzima, wote walikula kwa kupimiwa. Waliobanwa kula ndani ya masaa 8 tu hawakuwazidi wenzao kwa tofauti ya maana. Ukifungulia chipsi mayai na soda mbili, umejitesa bure.

Unatumia dawa za sukari, una mimba, unanyonyesha, una vidonda vya tumbo? Daktari kwanza. Hilo staa wetu hajawahi kuliandika, hata kwa herufi ndogo.