Ushindi wa Kamba Uko Miguuni

JICHO LA PWANI, na Shee Athman

Watoto wa Mbwajumali wakivuta kamba ufuoni maji yakipwa, watazamaji hukagua vifua na mikono ndipo wakatabiri mshindi. Afadhali wangetazama visigino. Kamba huzivuta timu zote mbili kwa nguvu ile ile, na Newton alilieleza hilo tangu 1687: ukikivuta kitu, nacho hukuvuta vivyo hivyo kuelekea kwake.

Basi mshindi hutoka wapi? Hutoka chini. Anayeikanyaga ardhi na kuisukuma zaidi, ardhi nayo humsukuma zaidi. Kijana mwembamba aliyechimbia visigino kwenye mchanga mbichi humburuta pande la mtu lililosimama kwenye mchanga mkavu unaoporomoka.

Wanafunzi wetu wengi huikariri sheria hii ya Newton, kisha wakadhani kwamba nguvu hizo mbili, kwa kuwa ni sawa na zinapingana, hufutana. Hazifutani, kwa sababu moja inaisukuma ardhi na nyingine inamsukuma mtu. Mvuvi anayekita upondo topeni analijua hilo mwilini mwake: yeye anasukuma nyuma, mashua inakwenda mbele. Julius Yego aliporusha mkuki mita 92.72 kule Beijing mwaka 2015, mguu wake wa mbele ulikita chini ghafla, ardhi ikauzuia, na kasi ya mwili mzima ikapanda begani hadi mkononi.

Mchanga una deni lake. Watafiti wa Ubelgiji walipima mwaka 1998 wakaona kwamba kukimbia mchangani hula nishati mara 1.6 ya kukimbia mahali pagumu. Mchanga haukaidi sheria. Unajibu sawasawa, ila unahama, na jasho la mkimbiaji linaishia kusogeza punje. Kwa hiyo kumpima mtoto aliyekimbia mchangani kwa muda ule ule wa mwenzake wa uwanja wa tatani ni kumdhulumu, nami nitalisema hili kila msimu wa michezo ya shule.

Walimu wa sayansi, tokeni darasani. Azimeni mizani mbili za kuning'iniza kwa wauza samaki, mziunganishe ndoana kwa ndoana, mwalimu avute upande mmoja na mtoto wa darasa la nne upande wa pili. Kilo zitasomeka sawa kotekote, na maswali yataanzia hapo.