Futikamba Kabla ya Tingatinga
Jengo la shule likishaanguka, kinachobaki ni kile alichowahi kukinasa mtu mwenye futikamba na kamera. Marekani walianza kazi hiyo mwaka 1933, uchumi ukiwa hoi, msanifu Charles Peterson alipopendekeza wenzake waliokosa ajira walipwe kupima majengo ya kale. Mpango huo, HABS, ungali hai: michoro yenye vipimo, picha za negativi kubwa na historia iliyoandikwa, vyote huhifadhiwa katika Maktaba ya Bunge, na yeyote anaweza kuvitazama bure. Nani atajali upana wa ngazi? Waliozipanda, bila shaka. Kwa mfano, pale Washington kuna Shule ya Dunbar, iliyoanza 1870 kama sekondari ya vijana weusi. Ndiko alikosoma Charles Drew, bingwa wa kuhifadhi damu, na alikofundisha mwanahistoria Carter G. Woodson. Jengo lake la matofali la 1916 lilibomolewa 1977, wahitimu wakipinga. Lililofuata, ghorofa la zege ambalo wengi hawakulipenda, nalo likapisha jipya lililofunguliwa 2013. Sakafu ya hili la sasa imetandikwa vibao vya majina ya wahitimu mashuhuri, na vingine vitupu vinawasubiri watoto wa leo. Wazo zuri, ila kibao hakisemi dirisha lilitazama wapi wala fundi aliyapangaje matofali. Hayo yanataka mtu atangulie kufika kabla ya tingatinga, tena aje na ngazi, maana paa ndilo husahaulika.